Ramani ya Nyumba na Desturi za Wakaao Ndani Yake

Sisi tunaoandika habari za desturi tumezoea kuwauliza wazee, kuandika maneno yao, na kuyalinganisha na maneno ya wazee wengine. Kazi hiyo ni njema, wala hapana sababu ya kuiacha. Lakini yuko shahidi mwingine ambaye mara chache tumemwita, naye ni nyumba yenyewe. Nyumba haisahau upesi kama mtu. Mlango uliowekwa mahali fulani miaka 200 iliyopita ungali mahali pale, nao watuambia hata leo nani aliruhusiwa kupita, nani alizuiwa kizingitini, na nani alipita upande mwingine ili asionekane. Na ajuaye kusoma ramani aweza kuupata ushuhuda huo hata ikiwa nyumba imekwisha kubomoka.

Katika makala hii twataka kueleza jinsi ramani inavyoigawanya nafasi ya nyumba, tukianza na nyumba za kale na kuishia na majengo ya wakati wetu. Neno tunalolishikilia ni hili: ukuta hutenga, mlango huunganisha, na kwa kazi ya hivyo viwili watu hupata kukutana au kuepukana. Basi yeye apigaye mstari juu ya karatasi ameandika amri itakayowatawala wakaao mle, ingawa pengine mwenyewe hakufikiri ila habari za matofali.

Jinsi ya Kusoma Ramani

Ramani ya nyumba ni picha ya nyumba kana kwamba imekatwa kwa msumeno, juu kidogo ya kiuno cha mtu, kisha sehemu ya juu ikaondolewa, nasi twaitazama iliyobaki kama kunguru aliyetua mnazini atazamavyo ua. Kuta zilizokatwa huandikwa kwa mistari minene, madirisha kwa mistari myembamba, na mlango huachwa kuwa pengo katika ukuta, pamoja na kipande cha duara kionyeshacho upande ambao ubao wake hufungukia. Asiyezoea hutazama vyumba, akauliza hiki kina ukubwa gani na kile kina ukubwa gani. Aliyezoea hutazama milango kwanza.

Sababu yake ni nyepesi. Chumba kikubwa chenye mlango mmoja ni mahali pa kukaa. Chumba kile kile kikitiwa milango minne ni njia panda. Ukubwa haukubadilika, lakini mtu aliyeketi katika chumba cha kwanza aweza kusoma barua yake kwa utulivu, na yule wa pili atainua kichwa kila mara kumwitikia apitaye.

Mwaka 1984 Bill Hillier na Julienne Hanson, waliokuwa wakifundisha London, walitoa kitabu kilichoeleza mambo haya kwa hesabu. Walianza njiani, nje ya nyumba, wakahesabu ni vizingiti vingapi vyapasa kuvukwa hata kukifikia kila chumba. Kwa hesabu hiyo chumba chaweza kuwa mbali sana na njia ingawa ukuta wake wa nyuma waigusa njia ile ile. Umbali huu haupimwi kwa meta, hupimwa kwa ruhusa. Mtoto wa shule aweza kuhesabu hivyo, nasi tutahesabu vivyo hivyo katika habari zinazofuata.

Nyumba za Mawe za Lamu

Tuanze karibu. Mji wa Lamu, ulioandikwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, ungali na nyumba za mawe, na nyingi katika zilizo bora ni za karne ya 18. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haifai kuvuka nafasi ifikayo meta 3. Basi mjenzi hakuweza kukipanua chumba. Aliweza kukirefusha tu, kisha kujenga kingine sambamba nyuma yake. Hivyo mti wa mkoko ulitoa upana wa chumba, na desturi za watu zikatoa mpango wake.

Atokaye njiani hukutana kwanza na daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango mkubwa. Hapo mwenyeji alizungumza na watu wa biashara na wapita njia, na wengi hawakupita hapo. Aliyevuka mlango aliingia tekani, na njia ikapinda, hata mtu aliyesimama nje, mlango ukiwa wazi kabisa, haoni ila ukuta. Baada ya tekani ni kiwanda, nao ni ua mdogo ulio wazi juu, uletao nuru na hewa. Kiwanda chatazamana na msana wa tini. Nyuma yake msana wa yuu. Nyuma yake chumba kiitwacho ndani, chenye zidaka za chokaa iliyonakshiwa. Na nyuma kabisa ni nyumba ya kati. Tena sakafu hupanda kidogo kila mtu aingiapo zaidi, hata miguu nayo hupata habari kwamba imefika mahali pengine.

Tukihesabu, daka ni 0, tekani 1, kiwanda 2, msana wa tini 3, msana wa yuu 4, ndani 5, nyumba ya kati 6. Kila kizingiti kilimchuja mtu. Na wapenda lugha watazame jina lile la chumba cha tano. Neno ndani, ambalo mahali pengine laonyesha upande tu, hapa limekuwa jina la chumba, kana kwamba vyumba vyote vilivyotangulia ni aina za nje. Twasema hata leo mambo ya ndani na mtu wa ndani, na wengi wetu hatukumbuki kwamba maneno hayo yaweza kuwekewa kidole juu ya ramani.

Katika nyumba nyingine kulikuwa pia na sabule, chumba cha mgeni, kilichofikiwa karibu na mlango mkuu bila kupita walipokaa watu wa nyumba. Mgeni alikirimiwa bila kuisumbua nyumba. Na juu ya njia nyembamba za mji mara nyingine palijengwa wikio, chumba kama daraja kilichounganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake wapate kuzuruana bila kushuka njiani.

Lakini yatupasa kusema jambo zima. Sitara hiyo ilikuwa ya waungwana, nayo ilitegemea kazi ya watumwa, waliokwenda kisimani na sokoni na kupita mahali ambapo waungwana wanawake hawakupita. Ramani ile iliyomstiri mmoja ilimfanya mwingine kuwa mguu wake. Tulikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutakutana nalo tena mbali sana na Lamu.

Habari za Ushoroba

Sasa twende Ulaya, kwa kuwa ramani nyingi zichorwazo leo katika miji yetu zina asili yake huko kwa sehemu kubwa.

Watu wengi hudhani kwamba nyumba kubwa za Ulaya tangu kale zilikuwa na ushoroba, yaani njia ndefu ya ndani yenye vyumba vyenye milango upande huu na upande huu. Sivyo. Robin Evans, Mwingereza aliyechunguza ramani za kale, alionyesha mwaka 1978 kwamba katika Italia ya karne ya 16 chumba kizuri kilikuwa chumba chenye milango mingi. Alitoa mfano wa Villa Madama, karibu na Roma, iliyoanza kujengwa karibu na mwaka 1518 kwa ramani ya Raphael, yule mchoraji mashuhuri. Humo chumba hufungukia chumba, nacho chumba kingine, hata apitaye kutoka upande mmoja hadi wa pili hupita katikati ya watu waketio, walao na wafanyao kazi. Bwana, mke, watoto, watumishi na wageni walikutana mchana kutwa. Hawakuona kuwa ni udhia; waliona kuwa ndiyo nyumba.

Katika Uingereza mambo yalianza kugeuka. Ramani ya nyumba moja ya Chelsea, iliyochorwa na John Thorpe mwaka 1597, ina njia ndefu ipitayo nyumba yote. Katikati ya karne ya 17 Roger Pratt alijenga nyumba ya Coleshill, ambayo ilikuja kuteketea kwa moto mwaka 1952. Humo ushoroba ulipita katikati kutoka mwisho hadi mwisho, na palikuwa na ngazi kubwa kwa wenye nyumba na ngazi za nyuma kwa watumishi. Pratt mwenyewe alieleza kusudi lake: watumishi wasionekane wakipita na vyombo vyao mbele ya wakubwa. Hapa msomaji ataikumbuka Lamu. Watu hawa hawakujuana, wala hawakuigana; lakini penye wakubwa wanaotaka kutumikiwa bila kumwona mtumishi, ramani hutafuta njia mbili.

Miaka 200 baadaye jambo hili lilikuwa sheria. Mwaka 1864 Robert Kerr alitoa kitabu kikubwa juu ya nyumba za waungwana wa Kiingereza, na ndani yake faragha ni jambo la kwanza. Chumba kilichokuwa njia ya kwendea chumba kingine alikihesabu kuwa kosa. Basi kilichokuwa sifa Roma kilikuwa aibu London. Kuta ni kuta zile zile. Kilichogeuka ni fikira za watu juu ya kuonekana na kutoonekana. Na ushoroba, ulioanzishwa ili kuwatenga watumishi, ukaishia kuwatenga hata jamaa wao kwa wao, kila mtu na mlango wake, wasikutane ila kwa miadi ya chakula.

Ushoroba Ule Ule, Maisha Mengine

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba umbo moja la ramani lina maana moja tu kila mahali. Itazame nyumba ijulikanayo katika miji yetu kuwa nyumba ya Kiswahili, kama zilivyojengwa kwa wingi Dar es Salaam tangu mwanzo wa karne ya 20. Mbele pana baraza. Mlango mkuu hufungukia ushoroba, ambao wengine huuita ukumbi, na wengi siku hizi huuita korido. Kila upande pana vyumba, mara nyingi vitatu kwa vitatu, na mwisho wa ushoroba ni ua, penye jiko, choo na ghala.

Juu ya karatasi ushoroba huu wafanana na ule wa Coleshill. Lakini ulizeni nani apita. Kila chumba chaweza kupangishwa peke yake, hata nyumba moja ikawa na jamaa sita wasio wa ukoo mmoja. Ushoroba haumfichi mtumishi. Ni mali ya wote, na kila asubuhi watu husabahiana humo. Baraza ni mahali pa wanaume na wapita njia. Uani ni mahali pa wanawake, watoto, vyungu na mazungumzo. Kwa hesabu yetu kila chumba kina kina sawa na mwenzake, vizingiti 2 kutoka barazani, wala hapana mpangaji aliye ndani kuliko mwingine. Ndiyo maana nyumba ya namna hii iliwafaa watu waliotoka nchi mbalimbali kuja kutafuta kazi mjini: iliwapa chumba cha siri na ua wa shirika. Umbo lile lile lililowatenga watu katika nchi moja liliwakutanisha katika nchi nyingine, kwa sababu ya kile kilichowekwa mwisho wake.

Ukuta Uliofunguliwa Minyororo

Mpaka mwisho wa karne ya 19 nyumba nyingi zilikuwa na shurti moja: ukuta ulibeba dari. Ukitaka ghorofa, ukuta wa juu hauna budi kukaa juu ya ukuta wa chini, na hivyo ramani ya juu ikawa mtumwa wa ramani ya chini. Kisha zege lililotiwa nondo za chuma likageuza mambo. Mwaka 1914 Charles-Édouard Jeanneret, mzaliwa wa Uswisi ambaye baadaye alijiita Le Corbusier, alichora mfano wa nyumba yenye sakafu za zege, nguzo chache na ngazi, bila ukuta hata mmoja. Nguzo zikibeba mzigo wote, ukuta wabaki kuwa pazia tu, nawe waweza kuuweka upendapo, au kuupinda, au kuuacha kabisa. Katika miaka ya 1920 aliihesabu ramani huru kuwa moja katika kanuni zake tano za ujenzi mpya, na nyumba ya Poissy karibu na Paris, iliyomalizika mwaka 1931, ni mfano wake ujulikanao sana.

Katika miaka hiyo wengine walifuata njia ya pili: si kufungua nafasi, bali kuipima sana. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke Mwaustria, alichora jiko kwa nyumba za wafanya kazi za mji wa Frankfurt, lenye upana wa meta 1.9 na urefu wa meta 3.4 tu. Hatua za mpishi zilihesabiwa, kila chombo kikapewa mahali pake karibu na mkono, na majiko kama hayo karibu 10,000 yakajengwa. Naye Alexander Klein, mwaka 1928, alipiga mistari juu ya ramani kuonyesha nyayo za wakaao, kutoka kitandani hadi bafuni, kutoka jikoni hadi mezani. Ramani aliyoisifu ni ile ambayo mistari hiyo haikukatana. Kazi yao iliwapunguzia wengi taabu, na hatupendi kuidharau. Lakini jiko la upana huo latosha mtu mmoja. Binti hakai kando ya mama akajifunza, wala jirani hakai kizingitini akichambua mchicha. Mistari isiyokatana ni watu wasiokutana, na katika desturi za watu wengi jikoni ndipo mambo ya ukoo yanapofundishwa.

Aliyeifikisha ramani huru mwisho wake ni Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Marekani. Mwaka 1951 ilimalizika nyumba aliyomjengea bibi mmoja daktari, Edith Farnsworth, katika shamba karibu na mto, Plano, jimbo la Illinois. Kuta za nje zote ni kioo. Ndani ni chumba kimoja tu. Katikati pana kijumba cha mbao kifichacho mabafu. Kwa macho ya wapenda majengo ni kazi bora katika kazi za karne ile. Lakini aliyelala humo alilalamika hadharani kwamba alikuwa kama mlinzi akeshaye zamu usiku na mchana, na kwamba hakuweza hata kuweka pipa la taka chini ya sinki, kwa kuwa lingeonekana kutoka barabarani. Wazee wetu walikwisha kusema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Ramani yaweza kuwa huru, naye akaaye ndani yake akawa mfungwa.

Majengo ya Wakati Wetu

Wasanifu wa siku hizi wamerithi yote mawili, ushoroba na nafasi wazi, na wengi wao watafuta njia ya tatu. Twachagua mifano michache.

Katika mji wa Kanazawa, Japani, mwaka 2004 lilifunguliwa jumba la sanaa la Kazuyo Sejima na Ryue Nishizawa. Ramani yake ni duara, upana wake karibu meta 113, na ukuta wa nje ni kioo. Ndani ya duara vimewekwa vyumba vingi, kila kimoja peke yake, kama masanduku juu ya sinia, na nafasi zilizobaki katikati yao ndizo njia. Jumba halina mbele wala nyuma. Watu huingia pande mbalimbali, wala hapana aliyewekewa njia moja ya kufuata. Katika majumba mengi ya zamani mgeni aliongozwa chumba kwa chumba, kama msomaji wa kitabu. Hapa ni kama mtu aliyeingia mtaani.

Mwaka uliofuata, 2005, Nishizawa alimaliza Tokyo nyumba iliyopasuliwa kuwa vijumba 10 juu ya kiwanja kimoja. Bafu ni kijumba peke yake, na baina ya vijumba pana bustani ndogo na vijia visivyo na ukuta wa kuvifunga. Mwenye kiwanja hukaa katika baadhi yake, na vingine hupangishwa. Ulaya na Marekani jambo hili lilitazamwa kuwa geni sana. Msomaji aliyezaliwa bara hatashangaa hivyo. Miji mingi ya wazee wetu ilikuwa ndivyo ilivyo: nyumba ya mama, nyumba ya wavulana, jiko, na ghala la nafaka, kila kimoja peke yake, na uwanja katikati ukawa ndio chumba kikubwa kisicho na dari. Hatusemi kwamba Mjapani yule aliiga kwetu. Twasema tu kwamba ramani iliyodhaniwa kuwa ya ushamba na wale waliotufundisha kupenda nyumba ya paa moja, leo yasifiwa katika mji mkuu wa nchi yenye elimu nyingi ya ujenzi.

Mfano wa tatu ni wa Chile. Mwaka 2004, katika mji wa Iquique, Alejandro Aravena na wenzake walipewa fedha chache za kujengea maskini karibu jamaa 100. Badala ya kujenga nyumba nzima ndogo, walijenga nusu ya nyumba nzuri, meta za mraba 36 hivi, wakaweka tayari sehemu zile ngumu kwa mtu wa kawaida kujijengea, kama jiko, bafu na ngazi, na kando yake wakaacha pengo. Kila jamaa waliliziba pengo lao wenyewe walipopata nguvu, na nyumba ikaweza kufika meta 70 hivi. Hapo ramani haikuwa amri ya mwisho. Ilikuwa sentensi iliyoanzwa na mmoja ili imalizwe na mwingine.

Tena mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafunga watu nyumbani katika nchi nyingi, ramani zilijaribiwa kwa moto. Baba akifanya kazi ya ofisi mezani, mtoto akisoma masomo ya shule, mama akizungumza na mgonjwa kwa simu, wote katika chumba kimoja kikubwa kilichounganishwa na jiko: ndipo wengi waliosifu nafasi wazi walipotamani mlango mmoja wa kufunga.

Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuchimba Msingi

Mambo haya si ya wasanifu peke yao. Walimu na makasisi huulizwa shauri mara kwa mara na watu wanaojenga, na mara nyingine wao wenyewe husimamia ujenzi wa nyumba ya mwalimu au ya mgeni. Na siku hizi ramani hupatikana kwa urahisi. Mtu huinunua tayari, iliyochorwa na asiyejua atakayelala mle. Msingi ukiisha kuchimbwa, majuto ni ghali. Kwa hiyo twaona yafaa kuishika ramani mkononi na kuuliza maswali manne.

Kwanza: mgeni akiwa ameketi sebuleni, wenye nyumba watapita wapi kwenda bafuni? Ramani nyingi zinunuliwazo zaifanya sebule kuwa njia panda, na mama wa nyumba hana budi kupita na ndoo yake mbele ya wageni. Mlango mmoja wa kwenda uani waweza kumwondolea aibu hiyo.

Pili: mkwe akija kulala, mlango wa chumba chake utatazamana na upi? Katika makabila mengi mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Ushoroba mwembamba wenye bafu moja mwisho wake huwakutanisha alfajiri, kila mmoja na taulo yake begani. Tumesikia watu wakisema kwamba vijana wamepoteza adabu. Tutazame pia kama nyumba imewaachia nafasi ya kuwa na adabu.

Tatu: mtu akiugua sana, au akifariki, atatolewa kwa njia gani? Jeneza lina urefu wa meta 2 hivi. Ushoroba wa sentimita 90 wenye kona kali haulipitishi bila kuliinamisha, na hapana jamaa apendaye kuona hivyo. Wajenzi wa Lamu waliwaza habari za uzazi na mauti walipoipanga ile nyumba ya kati. Sisi twaziacha mpaka siku yenyewe.

Nne: apikaye atakaa na nani? Jiko likifungwa kabisa, atakuwa peke yake. Likiwa wazi kabisa, moshi na harufu vitaingia kitandani, na mgeni ataona chungu kabla ya kuona uso. Mara nyingi jawabu jema ni kibaraza kati ya jiko na ua, kilicho ndani ya macho ya watoto na nje ya macho ya wageni.

Maswali haya hayataki nyumba kubwa. Nyumba ya vyumba viwili yaweza kuyajibu yote kwa kuhamisha mlango, na kuhamisha mlango juu ya karatasi hakugharimu ila kifutio.

Na kwa ndugu zetu walio shuleni twaongeza shauri moja. Wapeni wanafunzi kazi ya kuchora ramani ya nyumba ya bibi au babu yao, wakiweka milango yote mahali pake, kisha waandike jina la kila sehemu kama lisemwavyo na wazee, pamoja na nani alikaa hapo na nani hakuruhusiwa kufika. Maneno kama daka, tekani, msana na wikio yatajwa na wachache sasa, na bara pia kila lugha ina maneno yake ya uwanja, ya nyumba ya wavulana, na ya mahali pa moto. Nyumba zile zinabomolewa kila mwaka, na neno la nyumba likikosa nyumba halikai muda mrefu. Karatasi moja ya mtoto, yenye kuta nne na mlango uliowekwa sawasawa, yaweza kutuhifadhia desturi ambayo maswali yetu kwa wazee hayakuifikia.